Injini Mpya Haisomwi kwa Geji za Zamani

Wananchi wa hapa Umwe, pamoja na ndugu zetu wa Ikwiriri, Kibiti na visiwa vya delta ya Rufiji, wanajua vyema kwamba injini ikifa si lazima gari nalo lizikwe. Land Rover ya zamani ambayo bodi na chesesi yake bado ni nzima huondolewa injini yake iliyochoka, ikatiwa injini ya dizeli ya Kijapani, ikarudi barabarani kubeba mizigo na abiria. Kadhalika boti ya mbao hutiwa injini iliyotoka katika gari la mizigo, ikaendelea kupita mitoni kama kawaida. Hiyo ni busara ya watu wasiotupa mali, nasi hatuna nia ya kuilaumu. Lakini lipo jambo moja ambalo mara nyingi husahauliwa kazi hiyo ifanywapo, nalo ndilo tunalotaka kulizungumza leo. Injini hubadilishwa, dashibodi ikabaki ile ile.

Pengine wapo watakaosema kwamba geji ni pambo tu, na kwamba gari huenda kwa injini wala haliendi kwa saa zilizobandikwa mbele ya dereva. Hatukubaliani nao. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, na geji ndizo mawingu ya injini. Injini haifi ghafla kama watu wengi wanavyodhani. Kwanza presha ya oili hushuka, au joto hupanda, au alteneta huacha kuchaji betri. Kisha, baada ya dakika chache au saa chache, ndipo chombo husimama. Muda huo mfupi baina ya dalili na ajali ndio muda pekee ambao dereva au nahodha anaweza kufanya jambo la maana. Akikosa geji, au akiwa na geji isemayo uongo, muda huo humpita bila habari.

Kwa mtu wa barabarani hasara yake huenda ikawa kulala njiani. Kwa ndugu zetu wa visiwani jambo hili ni zito zaidi. Kwa mkazi wa Kiongoroni, Maparoni, Salale au Mbuchi, boti ndiyo barabara, ndiyo basi, na ndiyo gari la wagonjwa. Injini ikizimika mdomoni mwa mto wakati maji yanakupwa, mkondo huichukua boti kuelekea bahari kuu, na nanga isiposhika hakuna wa kuisukuma. Mama mjamzito anayekimbizwa hospitali hawezi kuambiwa asubiri mpaka fundi apatikane.

Delta yetu inayo kumbukumbu ya zamani inayotufundisha uzito wa jambo hili. Mwezi Septemba mwaka 1914 manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg iliishambulia na kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar. Meli hiyo ya Wajerumani ilikuwa na mbio na mizinga mikubwa, lakini mitambo yake ilikuwa imeharibika, ikalazimika kujificha ndani ya mikoko ya Rufiji. Vipuri vyake vilikokotwa nchi kavu mpaka karakana za Dar es Salaam vikatengenezwe. Kabla haijapata nafasi ya kutoka, Waingereza walikuwa wamekwisha kuizingira midomo ya mto, na tarehe 11 Julai 1915 ikaangamia humo humo. Mizinga yote ile haikuiokoa meli ambayo mitambo yake iliikatalia safari. Ikiwa ndivyo ilivyokuwa kwa manowari, sembuse boti ya kuni na abiria?

Turudi kwenye geji zenyewe. Kanuni ya kwanza ambayo kila mwenye chombo anapaswa kuielewa ni kwamba geji haifanyi kazi peke yake. Geji ya umeme na sensa yake iliyofungwa kwenye injini ni kama mume na mke. Sensa hubadilisha ukinzani wake kadiri joto au presha inavyobadilika, na geji husoma ukinzani huo. Kila kiwanda kina vipimo vyake. Ukichukua sensa iliyokuja na injini ya Kijapani ukaiunganisha na geji ya Kiingereza iliyokuwa katika dashibodi, mshale utacheza, nawe utafurahi ukidhani kazi imekamilika. Kumbe namba unayoisoma haina maana yoyote. Huenda injini ikachemka huku mshale umesimama katikati kwa utulivu. Kwa hiyo tunashauri geji na sensa zinunuliwe pamoja, au geji zitoke katika gari lile lile lililotoa injini.

Hata hivyo sensa mpya haiingii kila tundu. Tundu la presha ya oili katika injini nyingi za Kijapani na za Kiingereza lina nyuzi 28 kwa kila inchi, na lile la injini nyingi za Kimarekani lina nyuzi 27. Tofauti hiyo haionekani kwa macho. Sensa ya namna moja huingia mizunguko miwili mitatu katika tundu la namna nyingine, kisha ikagoma. Fundi mwenye haraka akitia nguvu, nyuzi huharibika na oili huanza kuvuja. Fundi mwangalifu hutumia adapta iliyo sahihi. Sensa ikikataa kwa mkono, asiilazimishe kwa spana.

Sasa ni geji zipi zilizo za lazima? Kwa maoni yetu ya kwanza ni ya presha ya oili, maana oili ikikosekana injini huweza kuharibika kabisa kwa muda mfupi mno. Kitabu cha kiwanda ndicho kinachotoa kipimo halisi, lakini mafundi wengi duniani hutumia kanuni rahisi: injini ikiwa ya moto, kila mizunguko 1,000 kwa dakika ipate presha ya pauni kama 10 kwa inchi ya mraba. Geji nyingi mpya zimeandikwa kwa bar, na bar moja ni sawa na pauni 14 na nusu. Taa nyekundu ya oili peke yake haitoshi. Kwa kawaida taa hiyo huwaka presha ikiwa imekaribia kwisha, na wakati huo huenda beringi zimekwisha kuumia. Taa iwepo, kwa sababu jicho huiona upesi. Lakini geji iwepo pia, kwa sababu huonyesha presha inavyopungua siku hadi siku.

Ya pili ni geji ya joto. Injini nyingi zenye rejeta hufanya kazi vizuri zikiwa baina ya nyuzi 80 na 95 za Sentigredi. Hapa tunaisifu ile geji ya kizamani yenye mrija mwembamba wa shaba usiohitaji umeme. Sharti lake ni moja tu, kwamba mrija huo usikatwe wala usikunjwe, kwani gesi au maji yaliyomo yakitoka geji imekufa. Lakini mwenye chombo ajue kwamba geji yoyote ya joto huweza kudanganya maji yakimwagika yote, kwa sababu sensa ikibaki hewani haipati tena joto la maji. Mshale unaoshuka ghafla wakati injini inafanya kazi nzito si habari njema. Simama ukague.

Ya tatu ni geji ya umeme. Magari mengi ya zamani yalikuwa na geji ya ampea, ambayo umeme wote wa kuchaji ulipita ndani yake, ukitoka kwenye dainamo ndogo ya ampea 20 au 30. Injini mpya huja na alteneta yenye nguvu maradufu. Ukiupitisha umeme huo katika geji ile na waya zake za zamani, waya zitapata moto, na moto huo uko nyuma ya dashibodi, magotini mwa dereva. Ni salama zaidi kuiondoa na kuweka geji ya volti. Betri ya volti 12 iliyojaa, injini ikiwa imezimwa, huonyesha kama volti 12.6, injini ikizunguka na alteneta ikichaji sawasawa, huonyesha baina ya 13.8 na 14.4. Fundi asisahau pia kwamba baadhi ya magari ya Kiingereza yaliyotengenezwa mpaka miaka ya 1960 yalifunga upande wa chanya wa betri kwenye chesesi, na kwamba mengine yalikuwa na kifaa cha kupunguza umeme wa geji mpaka volti 10. Geji mpya inayohitaji volti 12 ikifungwa katika waya huo itasoma pungufu daima.

Ya nne ni geji ya mizunguko ya injini. Wengi huiona kuwa anasa ya magari ya mbio, na ni kweli kwamba huko ndiko ilikopata sifa. Wazee wanaoyakumbuka mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki watakumbuka Datsun 240Z iliyoshinda mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Gari hilo la silinda 6 lilikuwa na geji mbili kubwa mbele ya dereva, moja ya mwendo na moja ya mizunguko, pamoja na tatu ndogo katikati ya dashibodi. Leo gari hilo limekuwa johari ya wapenzi wa magari ya kale, na wapo, hasa huko Marekani, wanaolitia injini ya silinda 8. Hapo ndipo geji ya mizunguko inapowaumbua. Injini ya petroli ya silinda 6 hupiga cheche 3 katika kila mzunguko, na ya silinda 8 hupiga 4. Geji iliyozoea kuhesabu 3 ikipewa 4, mizunguko 3,000 huisoma kuwa 4,000. Na kinyume chake ni kibaya zaidi: ikipewa injini ya silinda 4, yenye cheche 2, mizunguko 3,000 huisoma kuwa 2,000, na dereva akaendelea kukanyaga mafuta akidhani injini imepumzika.

Dizeli haina cheche kabisa, na karibu injini zote zinazotiwa katika vyombo vyetu ni za dizeli. Geji yake hupata habari kutoka kituo maalumu cha alteneta, ambacho kwa kawaida huandikwa herufi W, au kutoka kwa sensa inayohesabu meno ya flaiwili. Ikichukua kutoka alteneta, ni lazima irekebishwe kulingana na ukubwa wa puli, na puli ikibadilishwa marekebisho yafanywe upya. Kwa nahodha geji hii si anasa. Ikiwa jana boti ilifika mizunguko 2,500 na leo haipiti 2,000 kwa mzigo ule ule, yeye anajua kwamba kuna wavu uliojizungusha kwenye propela, au fyuta ya dizeli imeziba, au amepakia kupita kiasi.

Kwa magari ipo pia geji ya mwendo, nayo inawahusu moja kwa moja maofisa wa serikali. Mashine ya zamani huzungushwa na waya unaotoka katika gia boksi. Gia boksi ikibadilishwa, au difu, au matairi yakiwa makubwa zaidi, hesabu yote huharibika. Tairi ikizidi kipenyo kwa sehemu 10 katika 100, geji ikisoma 80 gari linakwenda 88. Tena yapo magari ya kale ambayo geji zake zimeandikwa maili. Sheria yetu inataka gari lipite katikati ya makazi kwa mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa. Dereva anayeutazama mshale wake ukiwa kwenye 50 ya maili anakwenda kilomita 80, na anapita mbele ya shule akiamini kwamba ameitii sheria. Je, mtoto akigongwa, tutamlaumu dereva peke yake?

Boti ina mambo yake ambayo gari halina. Injini ya gari ikitiwa majini mara nyingi hupoozwa kwa maji yanayovutwa kutoka nje, nayo maji ya delta yana tope, majani ya mikoko, na chumvi. Injini ipoozwayo moja kwa moja kwa maji ya chumvi haitakiwi kufika nyuzi 80 au 90 kama ya gari. Huendeshwa kwenye nyuzi kama 60 au chini yake, kwa sababu joto likizidi chumvi huganda ndani ya mapito ya maji na kuyaziba. Kwa hiyo alama ya kawaida iliyochorwa kwenye geji ya gari humpotosha nahodha. Pamoja na geji, tunapendekeza king'ora cha joto na cha oili, maana mlio wa dizeli na upepo humfanya nahodha autazame mkondo kuliko dashibodi, na ndivyo inavyompasa. Geji zenyewe zifungwe mahali pasipofikiwa na maji ya mawimbi, ziwe na taa hafifu ya usiku, na viungo vya waya vipakwe grisi kuzuia kutu. Mrija wa oili usipitishwe wazi karibu na bomba la moshi, kwani ukipasuka oili ya moto huweza kushika moto ndani ya chombo cha mbao.

Yote haya yanaweza kupimwa bila mitambo ya ghali. Sensa ya joto ikitumbukizwa katika sufuria ya maji yanayochemka, bila kugusa chini, geji inapaswa kusoma nyuzi 100, kwa kuwa sisi tunakaa karibu na usawa wa bahari. Geji ya oili ya umeme inaweza kulinganishwa na geji ya mkono ya fundi iliyofungwa katika tundu lile lile. Geji ya mwendo inaweza kupimwa kwa simu yenye ramani, au kwa kuhesabu muda wa kilomita moja: kwa mwendo wa 60, kilomita moja huchukua sekunde 60. Kisha fundi achukue rangi nyekundu, apige mstari juu ya kioo mahali ambapo mshale haupaswi kuvuka, ili hata kijana anayeshika usukani kwa muda aelewe bila kusoma namba.

Tunajua jibu la baadhi ya mafundi wetu. Watasema kwamba wao huijua injini kwa sikio, na kwamba geji ni gharama ya bure. Sikio la fundi mzoefu tunaliheshimu. Lakini sikio hilo hubaki gereji hapa Umwe, na gari huvuka Daraja la Mkapa kwenda kusini, na boti huondoka Nyamisati kuelekea visiwani, vikiongozwa na mtu mwingine ambaye sikio lake halikufundishwa. Geji ndilo neno la fundi linalosafiri pamoja na abiria. Na gharama ya geji nne na sensa zake ni ndogo ikilinganishwa na bei ya injini nyingine, achilia mbali bei ya roho, ambayo haipo.

Kwa hiyo tunawaomba wenye vyombo waiingize bei ya geji katika hesabu ya injini tangu siku ya kwanza, wasiiache iwe mabaki ya fedha. Tunawaomba mafundi wasikabidhi chombo mpaka kila mshale umepimwa, na waandike katika karatasi geji ipi imefungwa na sensa ipi, na vipimo vya kawaida vya injini hiyo. Na abiria nao wasione haya kumwuliza nahodha kama geji zake zinafanya kazi. Nauli wameilipa wao.

Kwa upande wa serikali, kadi ya gari inaandikwa namba ya injini, na injini ikibadilishwa mabadiliko hayo yanapaswa kujulikana. Hiyo ndiyo nafasi nzuri ya mkaguzi wa polisi kuitazama dashibodi pia, hasa geji ya mwendo. Wakaguzi wa TASAC, ambao wanasimamia usalama wa vyombo vya majini huku Bara, hukagua maboya ya kujiokolea na uzito wa mzigo, na hilo ni jema sana. Tunawaomba waongeze swali moja fupi kwa kila boti yenye injini: washa injini, tuone mishale. Vyuo vya VETA navyo vingefanya hisani kubwa kama somo la kulinganisha geji na injini iliyohamishwa lingepewa nafasi yake mbele ya vijana wanaojifunza ufundi, kwa kuwa huku kwetu kazi hiyo ndiyo inayowangojea.

Chombo kilichotiwa moyo mpya kinastahili kutiwa na macho mapya. Kabla maji hayajajaa kesho asubuhi, kila nahodha na kila dereva aketi mahali pake, awashe injini, na aitazame mishale yake. Wenye mishale iliyokufa au isiyoaminika waende kwa fundi kwanza, ndipo waite abiria.